Kurudi Kulikoanzia: Usahili wa Pili wa Ramones

Kwa wahakiki wengi, kazi ya sanaa ikiwa sahili huhesabiwa kuwa changa. Haya tumeyasikia hapa kwetu tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974: eti mshairi asiyefuata vina na mizani ni mvivu. Wanamuziki wa panki nao wamehukumiwa vivyo hivyo. Gitaa la sauti tatu, wimbo wa dakika mbili, basi hiyo ni kelele. Makala haya yanaichunguza albamu moja, Too Tough to Die (1984) ya kundi la Ramones la New York. Tunadai kwamba usahili ni fani inayochaguliwa, na kwamba msanii anayeurudia baada ya kuuacha hafikii tena pale pale alipoondokea.

Tuanze na usahili wa kwanza. Ramones walianza mwaka 1974 huko Forest Hills, Queens. Albamu yao ya mwanzo (1976) ina nyimbo 14 zisizofika nusu saa, na iligharimu kama dola 6,400. Besi inasikika upande mmoja wa spika, gitaa upande wa pili. Johnny Ramone alipiga nyuzi kwa mkono unaoshuka tu, kushuka na kushuka tena, wala hakutoka kando kuonyesha ufundi wa vidole. Sasa jamani, anayeuita huo uvivu achukue gitaa ajaribu kwa kasi ile ile, dakika mbili tu, ndipo aje tuzungumze.

Sifa walipata, mfuko ukabaki mtupu. Wakaanza kuitafuta redio. End of the Century (1980) walimkabidhi Phil Spector, fundi wa kurundika ala juu ya ala; wimbo wa "Baby, I Love You" ukavishwa fidla kama bi harusi. Albamu hiyo ilifika nafasi ya 44 Marekani, nafasi ya juu kuliko zote walizopata huko, lakini utajiri haukuja. Zilizofuata, za 1981 na 1983, hazituhusu sana. Nyimbo nzuri zimo, ila kundi linasikika kama mtu aliyeazima koti.

Kisha, Agosti 1983, Johnny alipigwa katika ugomvi wa mtaani, fuvu likapasuka, akapasuliwa kichwa. Jina la albamu iliyofuata, yaani "mgumu mno kufa", linatoka hapo. Kuitengeneza walimwita Tommy Erdelyi, mpiga ngoma wao wa zamani aliyeacha vijiti mwaka 1978, akishirikiana na Ed Stasium. Fidla zikaondoka, gitaa likarudi mbele.

Hebu sasa tusikilize kwa makini hicho kinachoitwa kurudi. "Durango 95" haina neno hata moja na haifiki dakika. "Wart Hog" na "Endless Vacation" zinaimbwa na Dee Dee, mpiga besi, kwa sauti ya kufoka. Lakini kasi hii si ya 1976, imezidi! Imetoka wapi? Katikati hapo vijana wa Marekani kama Black Flag, Minor Threat na Bad Brains walikuwa wameichukua mbegu ya Ramones na kuikimbiza. Bad Brains hata jina lao lina asili katika wimbo wa Ramones. Kumbe ule "mlio wa zamani" wakongwe waliujia kwa kupitia kwa wadogo zao. Mashabiki waliosema kundi limerudi nyumbani hawakuona kwamba nyumba yenyewe ilikuwa imeongezwa vyumba.

Upande wa maudhui tofauti ni kubwa zaidi. Mwaka 1976 tulikuwa na kijana aliyechoshwa na mtaa, ananusa gundi, anaota filamu za kutisha. Mwaka 1984, katika "Planet Earth 1988" na "I'm Not Afraid of Life", anayesema ni mtu mzima anayeitazama dunia ya vita na dhiki. Fani ilikubali kurudi, maudhui yakakataa. Kwa maoni yangu mvutano huo ndio unaoipa albamu uhai. Wangerudisha vyote viwili, tungepata kundi la watu wazima linalojiigiza.

Wala hawakurudi wakiwa safi. Wimbo wa "Howling at the Moon" ulitayarishwa na Dave Stewart wa Eurythmics, na vinanda vyake vinaonyesha kwamba tamaa ya redio haikuwa imekwisha. Ni mtamu, sikatai. Ila ukiusikiliza mara baada ya "Wart Hog" utadhani mtu kabadilisha kanda.

Sokoni albamu iliishia nafasi ya 171. Jukwaani mambo yalikuwa mengine: Ramones walifika kuifanya "Durango 95" wimbo wa kufungulia maonyesho yao, na ndiyo waliyofungulia hata onyesho la mwisho, Agosti 1996.