Ahadi ya Mwaka 1963 na Haki ya Mjane



Baada ya Swala ya Alasiri alinijia mama mmoja aliyetoka eda. Shemeji zake walikuwa wamemwambia kuwa mirathi ni shauri la wanaume. Akaniuliza: "Sheikh, mwanamke akienda kwa Kadhi peke yake, atasikilizwa?" Nikamwambia atasikilizwa, na kwamba mlango ule una historia.

Ukanda wetu wa maili kumi kutoka baharini ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ukiendeshwa na Waingereza tangu mkataba wa 1895. Uhuru ulipokaribia, wazee wetu walitofautiana: wengine walitaka Mwambao ujitenge, wengine waliridhia kuungana na Kenya. Tarehe 5 Oktoba 1963, Waziri Mkuu Jomo Kenyatta na mwenzake wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliandikiana barua. Kenyatta aliahidi uhuru wa kuabudu, kulindwa kwa hatimiliki za ardhi, na kudumishwa kwa mamlaka ya Makadhi. Mkataba ukatiwa saini siku tatu baadaye, na Makadhi wakatajwa katika katiba ya uhuru.

Katiba ile ilikuwa na mambo makubwa: majimbo yenye mabaraza yake, na Seneti ya wajumbe 41. Katika muda wa miaka michache majimbo yalinyang'anywa nguvu na Seneti ikavunjwa. Kifungu cha Makadhi kikabaki. Mwaka 2010, baada ya mabishano makali, wananchi walipitisha katiba mpya, na ibara ya 170 ikaithibitisha tena mahakama hiyo.

Mabinti zangu, Kadhi huamua mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, iwapo wahusika wote ni Waislamu na wameridhia kuhukumiwa naye. Mwanamke hufungua kesi kwa jina lake mwenyewe. Fungu la mjane limetajwa katika Suratun Nisaa: robo ikiwa marehemu hakuacha mtoto, thumni ikiwa ameacha. Si hisani ya shemeji.

Basi hifadhini cheti cha ndoa, cheti cha kifo na hati za mali, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu waliipigania ahadi hii ili iandikwe. Ikiwa hatuitumii wala hatuwafundishi watoto wetu, itabaki wino tu.

Wabillahi tawfiq.