Japani kwa Mashindano Sita ya Sumo

Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Wanawake wa Kalokol wanapomaliza kuanika samaki, yapata saa nne asubuhi, kule Tokyo ni saa kumi jioni, na ndipo wanamieleka wakubwa wa sumo wanapoanza kupanda ulingoni. Ikifika saa sita mchana kwetu, pambano la mwisho limeisha na watu wanarudi makwao. Mwenye simu na bando, awe Lodwar au Kakuma, anaweza kulifuata shindano zima kabla ya chakula cha mchana, siku kumi na tano mfululizo, mara sita kwa mwaka.

Japani ni msururu wa visiwa. Vikubwa ni vinne: Hokkaido kaskazini kwenye theluji, Honshu penye Tokyo, Osaka na Nagoya, kisha Shikoku, na Kyushu kusini. Eneo lote ni kilomita za mraba 378,000 hivi, dogo kuliko Kenya, lakini wakazi wanakaribia milioni 124. Sehemu kubwa ya ardhi ni milima, kwa hiyo watu wamesongamana kwenye nyanda finyu za pwani. Msafiri anayetaka kuijua nchi hii anaweza kufuata mahekalu yake au viwanda vyake. Ratiba ya sumo nayo ni njia nzuri, kwa kuwa kila mwezi usiogawanyika kwa mbili inampeleka mjini fulani, katika majira fulani, na kumwonyesha namna Wajapani wanavyopanga mambo yao.

Mieleka yenyewe si kitu kigeni kwetu. Kambini Kakuma, vijana wa Kidinka kutoka Bor wameendelea na mieleka ya kwao, na ng'ambo ya mpaka Wamundari wana sifa ya kuwabwaga majirani. Nguvu basi tunazo. Japani inafaa kutazamwa kwa jinsi ilivyozipangia nguvu hizo kalenda, orodha na mshahara.

Mwaka huanza Januari jijini Tokyo, kwenye baridi kavu, katika mtaa wa Ryogoku. Ukumbi wa sasa, Kokugikan, ulifunguliwa 1985 na hubeba watazamaji wapatao 11,000. Katikati umeinuliwa ulingo wa udongo ulioshindiliwa, na juu yake mviringo wa mita 4.55 uliozungushiwa vifurushi vya majani ya mpunga. Paa la mtindo wa hekalu la Shinto linaning'inia kwa nyaya. Nguzo zake ziliondolewa 1952 ili zisimzibe mtazamaji. Sheria ni nyepesi. Anayekanyaga nje ya mviringo, au anayegusa chini kwa kiungo chochote isipokuwa nyayo, ameshindwa. Hakuna mizani ya uzito, kwa hiyo mtu wa kilo 120 anaweza kukutanishwa na wa kilo 190.

Pambano mara nyingi huisha kabla hujamaliza kupumua, ila maandalizi yake ni marefu. Wanamieleka huinua mguu mmoja mmoja na kukanyaga chini kwa kishindo, husuuza vinywa kwa maji, kisha hurusha chumvi kuutakasa ulingo. Kwa siku moja hutumika chumvi ya kilo 45 hivi, ambayo mfanyabiashara wa samaki wa Kalokol angeiona imepotea bure. Wanachuchumaa, wanatazamana, wanainuka tena. Wale wa daraja la juu wanaruhusiwa kufanya hivyo kwa dakika nne, kisha sharti warukiane. Mbinu rasmi za ushindi ni 82, na baada ya kila pambano mbinu iliyotumika hutangazwa.

Zamani mwaka haukuwa na mashindano sita. Katika karne ya 19 yalikuwa mawili, kila moja la siku kumi, na Tokyo, ambayo kwa sehemu kubwa ya karne hiyo iliitwa Edo, ilikuwa ikiyaandaa kwenye viwanja vya mahekalu. Siku kumi na tano zimekuwa desturi tangu 1949. Fukuoka iliongezwa 1957 na Nagoya 1958, na tangu hapo kalenda ya kawaida ni hii: Januari, Mei na Septemba ni Tokyo, Machi ni Osaka, Julai ni Nagoya, Novemba ni Fukuoka.

Kinachoyaunganisha mashindano hayo ni karatasi moja iitwayo banzuke. Hiyo ni orodha ya vyeo, na hutolewa karibu wiki mbili kabla ya kila shindano. Waamuzi huiandika kwa mkono, kwa brashi, majina ya wakubwa kwa herufi nene na ya wadogo yakififia kwenda chini hadi yakahitaji miwani. Wanamieleka wote, wapatao 600, wamo humo kwa madaraja sita. Wa juu hupigana mara 15 katika shindano. Akishinda nane anapanda au anabaki salama, akishinda saba kwa kawaida anashuka. Wa chini hupigana mara saba na huhitaji kushinda mara nne. Cheo cha Januari kinapimwa upya Machi, na cha Machi kinapimwa upya Mei. Haijalishi baba yako ni nani wala ulivuma vipi mwaka jana.

Mshahara unafuata mstari huohuo. Madaraja mawili ya juu yana watu 70 tu, na hao ndio wanaolipwa kila mwezi. Anayeingia daraja la pili hupata yeni milioni 1.1, zaidi ya shilingi laki tisa za Kenya kwa viwango vya 2025, na bingwa mkuu hupata yeni milioni tatu. Waliobaki, zaidi ya mia tano, hupewa malazi, chakula na posho ndogo. Ukishuka kutoka daraja la pili hata kwa ngazi moja, mshahara umekatika.

Karibu wote huishi katika nyumba za mieleka, zaidi ya arobaini, kila moja chini ya mzee ambaye zamani alikuwa mwanamieleka. Siku huanza alfajiri kwa mazoezi, tumbo likiwa tupu. Wadogo huamka kwanza, hufagia, hupika, huosha nguo, na huwasugua wakubwa mgongo bafuni. Chakula kikuu ni mchuzi mzito wa samaki, kuku, mboga na maharage ya soya yaliyogandishwa, sufuria moja kwa wote, na wakubwa ndio wanaotangulia kula. Baada ya hapo hulala mchana, chakula kigeuke mwili. Nywele hufungwa kishungi cha enzi za kale, na nje ya nyumba mwanamieleka haruhusiwi kuvaa suruali na fulana kama vijana wengine. Sharti avae kimono.

Machi msafara huhamia Osaka, mji wa biashara ulio kilomita mia tano hivi magharibi ya Tokyo, ambako treni ya kasi hufika kwa saa mbili na nusu. Mwaka wa shule wa Japani humalizika mwezi huo, ndiyo maana shindano la Osaka hupokea vijana wapya wengi kuliko mengine. Osaka pia ndiyo iliyoonyesha ukuta mmoja wa mchezo huu. Fusae Ota alipokuwa gavana wa mkoa huo, kuanzia 2000 hadi 2008, alitaka kupanda ulingoni kumkabidhi mshindi zawadi kama walivyofanya magavana wanaume. Alikataliwa tena na tena, kwa sababu desturi haimruhusu mwanamke kukanyaga ulingo. Mwaka 2018, mjini Maizuru, meya alianguka akihutubia ulingoni. Wanawake waliopanda kumpa huduma ya kwanza wakatangaziwa kwa kipaza sauti washuke. Chama cha Sumo kiliomba radhi, lakini desturi yenyewe haikuguswa.

Mei Tokyo ni ya kijani na hewa ni tamu. Mwaka 2025 mwezi huo ulitoa bingwa mkuu, yaani yokozuna, wa 75 katika historia. Ni Onosato, kijana wa mkoa wa Ishikawa, mkoa uliopigwa na tetemeko kubwa la ardhi siku ya kwanza ya 2024. Machi alikuwa amelitwaa kombe la Osaka; Mei akashinda mapambano 14 kati ya 15. Makombe mawili mfululizo katika cheo cha pili ndicho kipimo cha kawaida cha kupandishwa. Ilimchukua mashindano 13 tu tangu aingie sumo ya kulipwa, na tangu 1958 hakuna aliyefika upesi hivyo. Cheo cha yokozuna hakishuki kamwe, na hapo ndipo penye mtego. Wengine wakipoteza hushuka ngazi, yeye akidhoofika hana pa kurudi ila kustaafu. Terunofuji, yokozuna wa 73, alifanya hivyo Januari 2025, magoti yakiwa yamemwisha.

Julai ni Nagoya, mji wa viwanda vya magari, na joto lake zito lenye unyevunyevu humfanya mtazamaji ajipepee kwa upepeo wake kutwa nzima. Mwaka 2025 shindano lilihamia ukumbi mpya, IG Arena, na kombe likaenda kwa Kotoshoho, aliyekuwa karibu na mkia wa daraja la kwanza. Nagoya pia ina nafasi yake katika habari za wageni. Hapo ndipo Takamiyama wa Hawaii, Julai 1972, alipokuwa mtu wa kwanza kutoka nje ya Japani kutwaa kombe la daraja la juu. Hapo pia, Julai 2014, Mmisri Abdelrahman Shaalan, aliyepigana kwa jina la Osunaarashi na ndiye Mwafrika wa kwanza katika sumo ya kulipwa, aliwabwaga mayokozuna wawili kwa siku mbili mfululizo. Alikuwa Mwislamu, na ilikuwa Ramadhani. Aliondoka katika mchezo 2018.

Septemba hurudi Tokyo, na mwaka 2025 Onosato alimshinda Hoshoryu kwa pambano la ziada. Hoshoryu ni Mmongolia, yokozuna wa 74, na ami yake, Asashoryu, alikuwa wa 68. Mwezi uliofuata wote wawili walikwenda London kupigana katika Royal Albert Hall, mara ya kwanza tangu 1991.

Mfumo huu una makovu. Mwaka 2007 kijana wa miaka 17 alifariki baada ya kupigwa ndani ya nyumba yake ya mieleka, na mzee wa nyumba akafungwa. Mwaka 2011 ujumbe uliokutwa kwenye simu ulifichua kwamba baadhi ya wanamieleka walikuwa wakiuziana ushindi, hasa waliochungulia shimo la kushuka kwenye daraja lisilo na mshahara. Shindano la Machi mwaka huo lilifutwa lote. Orodha inayomlazimisha mtu kujitahidi ndiyo pia inayomshawishi kudanganya.

Novemba kalenda inafunga Fukuoka, kisiwani Kyushu, karibu na Korea kuliko Tokyo. Hapo, mwaka 2025, kombe lilichukuliwa na kijana wa miaka 21 aitwaye Aonishiki. Jina lake la kwao ni Danylo Yavhusishyn, na kwao ni Vinnytsia, Ukraine. Vita vilipoanza 2022 alikimbia, akafika Japani kwa msaada wa rafiki aliyekutana naye Osaka kwenye mashindano ya vijana, akafanya mazoezi chuoni, na 2023 akaanzia chini kabisa ya orodha. Miaka miwili na kidogo baadaye alimshinda Hoshoryu kwa pambano la ziada, akapandishwa cheo cha ozeki, kinachofuata baada ya yokozuna.

Msomaji wa Kakuma asikimbilie kuiita Japani kimbilio. Mwaka 2023 watu zaidi ya 13,000 waliomba hifadhi huko, na 303 tu wakatambuliwa kuwa wakimbizi. Nayo idadi hiyo ilikuwa kubwa kuliko ya mwaka wowote uliotangulia. Waukraine walipokelewa kwa mpango wa pekee. Hata mlango wa sumo ni mwembamba, kwa sababu tangu 2002 kila nyumba inaruhusiwa mgeni mmoja tu. Akiingia hupewa jina jipya, hufuga nywele, hujifunza lugha mpaka aote ndoto kwayo, na akitaka kubaki kama mzee wa chama baada ya kustaafu, sharti achukue uraia wa Japani. Ila akishakubaliwa, orodha haimuulizi tena alikotoka. Inahesabu ushindi wake wa mara nane kama inavyohesabu wa mzaliwa wa Tokyo, na ndiyo maana Wamongolia sita wamefika kileleni.

Jambo hilo ndilo tunaloweza kulitumia. Baada ya uhuru wa Sudan Kusini wa 2011, Juba ilijaribu mieleka ya ligi, Wamundari wakikutana na Wadinka wa Bor mbele ya halaiki, ila vita vya Desemba 2013 vilikuja kuigawa nchi. Lodwar ina tamasha la Tobong'u Lore linaloziita jamii za Ateker kutoka nchi jirani, na Kakuma na Kalobeyei kuna karibu watu laki tatu, wengi wao vijana. Tamasha la siku chache hutoa shangwe, kisha kila mtu hurudi kwake bila kujua atapigana tena lini na na nani. Japani iliongeza kwenye nguvu zilizokuwapo tarehe zinazojulikana, karatasi ya vyeo ambayo kila mtu anaweza kuisoma, na malipo yanayofuata karatasi hiyo. Vitu hivyo vitatu havihitaji ukumbi wa watu 11,000. Vinahitaji watu wa kuviheshimu hata pale wa kwao anaposhuka ngazi, na huo ndio ugumu ambao hata Wajapani, kama 2011 ilivyoonyesha, hawajaumaliza.