Joto la Bahari na Kipato cha Wananchi: Namna Hesabu Zinavyosaidia Kupanga Mipango

Tangu mwaka 1989, kilimo cha mwani cha biashara kimeenea katika pwani ya mashariki ya Unguja, zikiwemo Paje na Jambiani, na wakulima walio wengi ni wanawake. Mwani mnene huuzwa kwa bei kubwa kuliko mwani mwembamba, lakini haustahimili joto. Maji ya kina kifupi yanapopata joto kupita kiasi, huugua na kufa, na mkulima hubakiwa na ule wa bei ndogo. Hivyo joto la bahari huishia kupunguza fedha za skuli na mauzo ya duka la mtaani.

Wataalamu wa uchumi hufuatilia mfululizo huo kwa modeli, yaani mfumo wa hesabu unaounganisha hali ya hewa na uchumi. Kwanza, modeli hukadiria mabadiliko ya joto, mvua na usawa wa bahari. Pili, hupima athari zake kwa uzalishaji na kipato. Tatu, hulinganisha gharama za kujikinga mapema na hasara ya kutojikinga. William Nordhaus wa Marekani, mmoja wa waasisi wa njia hii, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2018. Zanzibar nayo ilifanyiwa utafiti wa uchumi wa mabadiliko ya tabianchi mwaka 2012, na Mkakati wa Mabadiliko ya Tabianchi ukafuata mwaka 2014.

Faida yake huonekana pia katika huduma za mjini. Mtaro wa maji ya mvua, au ukuta wa bahari kama ule wa Mizingani, Mji Mkongwe, hujengwa udumu miaka mingi. Ukipimwa kwa masika yaliyopita pekee, huenda ukazidiwa na yajayo. Ukijengwa mkubwa kupita haja, utameza fedha za maji safi na usafi. Modeli huonesha gharama ya kila uamuzi na nani atakayebeba hasara.

Hata hivyo, modeli si ramli. Ubora wake hutegemea takwimu zake. Mavuno ya mwani yasipoandikwa, hasara ya mkulima haitaonekana katika hesabu, na fedha za kinga zitaelekezwa kwingine. Kwa hivyo, taarifa sahihi za mafuriko, mavuno na hasara ambazo wananchi huzifikisha kwa masheha wao ni sehemu ya hesabu hiyo.