Unavuta Tairi Ama Unavuta Likes?

Sato asubuhi, stage ya 111. Cheki ma-hiker wa mtaa. Leggings mpya, bucket hat, miwani ya kuficha hangover, ka-speaker kananing'inia kwa bag. Ndani ya bag: crisps, power bank na lipstick. Wanaenda Ngong Hills "kutafuta healing." Wanapanda kilima ya kwanza, wanapiga picha na windmill, saa sita washafika kwa nyama choma. Caption: "Conquered." Umeconquer nini, buda? Parking?

Sina beef na hiyo life. Healing ni healing. Lakini kuna wasee wanapanda vilima wakiwa na form ya kutembea mpaka South Pole, kwa miguu, peke yao. Hao ndio swag ya ukweli. Na ukiwapata kwa training utadhani wametoroka mahali.

Chukua Preet Chandi. Mresh wa Derby, Uingereza, fam ni ya Wapunjabi. Wakati huo alikuwa captain wa jeshi, physio, jina ya mtaa Polar Preet. Kabla aende Antarctica alikuwa anatoka kwa keja yake, anafunga matairi ya gari kiunoni, anayavuta masaa mob. Hebu fikiria ukiwa jirani yake. Unatoa takataka, Captain anapita na matairi. Unasema hi, unarudi ndani, unafunga mlango.

Sasa skia. Tarehe 3 January 2022 akafika South Pole, solo. Kilomita 1,130 hivi, siku 40, na sled ya kilo 90 nyuma yake. Gawanya: kilomita 28 kila siku, hakuna Jumapili. Mwisho wa mwaka huohuo akarudi, akapiga 1,485, siku 70 na kitu. Sisi tukienda Karura mara moja tunapost wiki mbili.

Mbona tairi? Juu tairi ni kichwa ngumu. Sled iliyojaa haitelezi vile umeona kwa movie za Krismasi. Baridi ikizidi, theluji inakauka na kukwaruza kama mchanga, so unavuta kila step. Zamani watu walikuwa na mbwa. Amundsen wa Norway alifika South Pole na mbwa, 14 December 1911. Scott wa Uingereza na mbogi yake wakavuta sled wenyewe, wakatokea 17 January 1912, wakapata bendera ya Norway ishapandwa. Wakirudi, wote watano wakafia njiani. Leo mbwa wako ban Antarctica tangu 1994. So kwa hii story mbwa ni wewe.

Ujaribu hii kitu mtaani kwetu sasa. Kamba ya mita mbili tatu, mshipi ya bag kubwa kiunoni, tairi ya Probox nyuma, barabara ya murram. Step ya kwanza tairi inalia krrrrr. Step ya kumi ishachota mawe, inazidi uzito. Watoi wanakuja mbio, mmoja anaikalia, sasa unavuta tairi na abiria. Mwenye boda anapunguza speed akuulize, "Boss, gari ingine iko wapi?" Stage nzima inakufa na kicheko. Hapo ndio training inaanza, juu miguu inaweza, ni roho inataka kuhepa.

Na hizo vilima wanapanda kwa training haziko hapo kwa urembo. Wengi wanadhani South Pole ni uwanja. Zii. Iko mita 2,835 juu ya bahari. Longonot ni 2,776. Point ya juu kabisa ya Ngong ni 2,460. Yaani ukianzia Hercules Inlet, kule kwa ukingo wa bahari, unapanda kitu imeshinda Longonot, polepole, siku arobaini, upepo usoni, bila mama wa chai. Ndio maana polar training ni ma-hill, ma-hill, halafu ma-hill tena.

Hapa sasa ndio Mkenya anafeli. Sisi tumezoea speed. Tukiona mlima tunataka kuuramba kwa dakika kumi halafu tulale chini tukihema. Kule, kilomita mbili na nusu kwa saa ni mwendo ya heshima. Mtoi wa nursery anaku-overtake. Sababu ni jasho. Ukitoa jasho kwa minus thirty, ukisimama tu linaganda kwa nguo, na wewe unafuata. So rule ya wazito: toka kwa tent ukihisi baridi kidogo. Punguza nguo kabla uanze kuvuta. Vuta saa moja hivi, simama dakika chache, tupia jacket kubwa haraka, kula, kunywa, songa.

Mathee hawezi elewa hii kitu. Mathee ako na dawa moja ya dunia nzima: vaa sweta. Homa? Vaa sweta. Umefeli exam? Vaa sweta. Umeachwa? Si nilikuambia uvae sweta. Mathee, nakupenda, lakini hiyo sweta ndio itanizika Antarctica.

Fathee naye akiona tairi anaanza: "Sisi tulikuwa tunatembea kilomita kumi kwenda shule, bila viatu." Kila Krismasi hiyo shule inasonga mbele kilomita mbili. Kwa sasa iko karibu na Hercules Inlet.

Mzee mmoja tu namheshimu: James Kagambi. May 2022 alisimama juu ya Everest akiwa na miaka 62. Huyo akikuambia vaa sweta, vaa.

Tuongee ganji. Tairi ni bei ya kuongea na fundi wa puncture, ukiwahi kabla igeuzwe akala. Jacket ya baridi usiende mall ukaibiwe mchana. Ingia Gikomba ama Toi bale ikifunguliwa, upate camera. Nguo za ski za wazungu zinatua hapo kila wiki, zingine ata hazijavaliwa. Noma ni trip yenyewe. Unaenda mpaka Punta Arenas, Chile, halafu ndege ikushushe Union Glacier kwa barafu. Bill ya solo inaenda makumi ya maelfu ya dola. Usiniletee WhatsApp group ya harambee. Harusi ya cousin yako bado mko "tunaomba tukamilishe budget." Tafuta sponsor.

Good news ni msosi. Kule unachoma mafuta hatari, so unakula calories elfu tano na zaidi kwa siku: siagi, chocolate, njugu. Na kabla uende unaambiwa uongeze mwili. Sport gani ingine kitambi ni equipment? Ma-uncle wetu wamekuwa kwa training miaka yote, ni tairi tu walikosa.

Na usiogope kuwa wa mwisho. Philip Boit, mkimbiaji wetu, alipelekwa Finland akafunzwa ski, akaenda Olympics za Nagano 1998, kilomita kumi. Akamaliza namba 92, nyuma ya kila mtu. Bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngojea kwa finish line dakika 20 hivi ndio amhug. Boit akarudi home akaita mtoi wake Dæhlie. Hiyo haina aibu. Aibu ni kugeuka kwa windmill ya kwanza na gear ya elfu thelathini.

So form ya Sato ni hii. Gate ya Ngong, lipa, chukueni ranger kama mko wachache. Vilima zote saba mpaka Kona Baridi. Lita kumi za maji mgongoni. Ukifika juu ya ile ya mwisho zimwage, magoti zisikuchukie ukishuka. Hakuna speaker. Hakuna kukimbia. Ukianza kutoa jasho, punguza mwendo, ata kama ma-leggings wanakupita wakicheka. Utawapata mbele wameketi, wakitafuta network. Pita tu. Shuka Kiserian, shika 126, lala.

Wiki inayofuata tunafunga kiuno. Mimi kamba niko nayo. Tairi leta yako.