Ubatizo Mmoja au Miwili?

Mjini Bujumbura, penye Ziwa Tanganyika mlangoni, mazungumzo juu ya wokovu hayakawii kufika majini. Wamisionari wa Afrika, waliofungua misheni ya Muyaga mwaka 1898, walifuata kanuni ya Kardinali Lavigerie: miaka minne ya mafundisho na mwenendo mwema kabla ya ubatizo. Watoto wa wabatizwa hao wakabatizwa wangali wachanga. Wapentekoste waliokuja miaka ya 1930 wakashikilia kwamba imani hutangulia, kisha mwili wote huzamishwa. Nao Marafiki, waliofika Kibimba mwaka 1934, kwa mapokeo yao hawatumii maji kamwe.

Hapo ndipo mama Mkatoliki huumia. Mwanawe akizamishwa ziwani, huona ubatizo aliomtafutia umetupwa. Sisi askari twaujua uzito wa kiapo. Hakuna apendaye kuambiwa kuwa kile cha kwanza kilikuwa batili. Mwana naye hujibu kwamba hakuapa, aliapiwa.

Kuhusu imani na matendo, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja mjini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999: mwanadamu hupokelewa na Mungu kwa neema, na matendo mema ni matunda yake. Juu ya maji, mama na mwana wangali wanabishana mezani.