Mpigaji Hodari au Mchezaji Kiraka?

Wasomaji wengi wa gazeti hili wanaujua mpira wa miguu tangu utoto wao. Leo tusafiri kidogo mpaka Marekani, tukautazame mchezo wao uitwao besiboli. Huko kuna ubishi wa siku nyingi ambao haujakwisha. Watu wanaulizana hivi: mwenye kutaka kujenga timu, atafute kwanza watu wa kupiga mpira kwa nguvu, au atafute watu ambao ukiwaweka mahali po pote uwanjani wanafaa? Mtu wa namna hii ya pili sisi huku katika mpira wa miguu humwita kiraka.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Timu ni mbili, na kila moja ina watu 9 uwanjani. Moja inapiga, nyingine inalinda. Mtupaji husimama mita 18 na nusu mbali na mpigaji, akautupa kwa nguvu mpira mgumu, ukubwa wake kama chungwa dogo. Mpigaji ana gongo la mti. Akiupiga vema hukimbilia kituo cha kwanza, halafu cha pili, halafu cha tatu, na mwisho hurudi pale alipoanzia, mahali panapoitwa nyumbani. Akifika nyumbani ndipo timu yake hupata bao moja. Wapigaji 3 wakitolewa, timu huacha kupiga na kwenda kulinda. Hufanya hivyo kwa zamu 9.

Lakini mpigaji akiupiga mpira ukapita juu ya uzio wa uwanja, hana haja ya kukimbizana na mtu. Anazunguka vituo vyote polepole kama mtu anayetoka shambani jioni, na wenzake waliokuwa wakingoja vituoni wanatangulia mbele yake kuingia nyumbani. Hilo tuliite pigo la uzio.

Sasa fanyeni hesabu kidogo. Katika besiboli, anayefaulu kupiga mara 3 katika kila 10 huhesabiwa kuwa hodari. Chukueni wapigaji 3 wa namna hiyo wafuatane: wote 3 kufaulu mfululizo ni bahati ya mara 27 tu katika mara 1,000. (Ziko njia nyingine za kufika kituoni, kama vile mtupaji akikosa shabaha mara 4, lakini hizo tuziache.) Basi timu inayotegemea mapigo madogo madogo inangoja bahati nyingi zifuatane, na yenye mtu wa pigo la uzio inangoja bahati moja tu. Ndiyo maana watu wa nguvu hulipwa fedha nyingi.

Aliyewafundisha Wamarekani jambo hili ni George Herman Ruth, aliyejulikana kwa jina la Babe Ruth. Mwaka 1902, akiwa na umri wa miaka 7, wazazi wake walimpeleka katika shule ya Mtakatifu Maria mjini Baltimore, shule ya wavulana watundu na yatima iliyoongozwa na Mabruda Waksaveri. Huko alijifunza kushona mashati, na Bruda Matthias akamfundisha besiboli. Baadaye akawa mtupaji wa timu ya Boston, tena mtupaji wa kwelikweli: mwaka 1916 alishinda michezo 23. Lakini alipenda zaidi kupiga. Boston wakamwuza kwa New York, na mwaka 1920 akapiga mapigo ya uzio 54, zaidi ya kila timu nyingine nzima ya ligi yake. New York wakapata ubingwa wao wa kwanza mwaka 1923. Boston, waliokuwa mabingwa mwaka 1918, hawakuupata tena mpaka 2004!

Mtu akisikia habari hii atasema ubishi umekwisha. Kumbe bado.

Mwaka 1982 timu mbili zilikutana katika fainali kuu. Milwaukee walikuwa watu wa nguvu, waliopiga mapigo ya uzio 216 mwaka ule. St. Louis walikuwa wamepiga 67 tu, machache kuliko timu zote za ligi kuu. Mwalimu wao, Whitey Herzog, alikuwa ameutazama vizuri uwanja wa nyumbani kwao. Ulikuwa mpana, na uzio wake u mbali, na badala ya majani ulitandikwa zulia gumu ambalo mpira uliteleza juu yake kwa kasi. Akajisemea, katika uwanja kama huu, nguvu nyingi zitapotea bure, maana mipira itadakwa kabla ya kufika uziani. Basi akakusanya watu wenye mbio na wadakaji stadi. Mmoja wao, Ozzie Smith, mwaka ule mzima alipiga mapigo ya uzio 2 tu, lakini mpira uliopita karibu naye ulikuwa wake. Timu ile iliiba vituo mara 200, yaani mkimbiaji anachomoka kwenda kituo cha mbele wakati mtupaji anatupa.

Mchezo wa kwanza wa fainali Milwaukee walishinda 10 kwa 0. Bila shaka wengi walicheka wale wa mbio. Lakini siku zilivyoendelea mambo yakageuka. Katika mchezo wa 6 St. Louis walishinda 13 kwa 1, na katika wa 7, uliokuwa wa mwisho, wakashinda 6 kwa 3.

Na si mara hiyo tu. Minnesota mwaka 2019 walipiga mapigo ya uzio 307, hesabu ambayo haijawahi kupitwa, wakashinda michezo 101. Atlanta mwaka 2023 wakaifikia hesabu ile ile ya 307, wakashinda 104. Timu zote mbili zilitolewa mapema katika mashindano ya mwisho wa mwaka. Nguvu huonekana katika michezo 162 ya mwaka mzima. Katika michezo michache ya mwisho, unapokutana na watupaji bora kila siku, gongo laweza kunyamaza.

Habari ya kiraka inatokana na upungufu wa nafasi. Timu ya ligi kuu inaruhusiwa watu 26. Kwa kawaida 13 ni watupaji, kwa sababu mkono wa mtupaji huchoka na lazima apumzike. Wanabaki 13. Kati yao 9 wanaanza kupiga, wanabaki 4. Mmoja wa hao lazima awe mdakaji wa akiba, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Basi wamesalia 3 wa kuziba mahali pengine pote 7, na aliyetolewa mchezoni haruhusiwi kurudi. Akiumia mtu leo na mwingine kesho, mwalimu asiye na kiraka atafanya nini?

Mwaka 1988 José Oquendo wa St. Louis alicheza mahali pote 9. Siku moja mchezo ulifika zamu 19, watupaji wakaisha, akaitwa yeye kutupa. Walishindwa, lakini hakuna aliyemlaumu.

Aliyekipa kiraka heshima ya kweli ni Ben Zobrist. Tampa Bay, timu isiyo na fedha za kushindana na New York, mwaka 2009 walimchezesha mahali 7 mbalimbali, naye akapiga mapigo ya uzio 27. Mwaka 2016 alikuwa Chicago, kwa wale Cubs waliokuwa hawajapata ubingwa tangu 1908. Mchezo wa 7 wa fainali ulifika zamu ya 10, baada ya mvua kuusimamisha kwa dakika 17. Zobrist akapiga mpira uliompa mwenzake njia ya kufika nyumbani, na Chicago wakashinda 8 kwa 7.

Mimi naona hivi. Kiraka asiyeweza kupiga ni mtu wa kukaa benchi, na mpigaji asiyeweza kulinda huipatia timu bao moja na kuipoteza bao jingine. Mwenye fedha kidogo akiniuliza aanze na nani, nitamwambia amtafute Zobrist wake kabla ya kununua gongo zito, halafu aupime uwanja wake kama Herzog.

Los Angeles wana fedha za kununua ye yote, na hata wao walifanya hivyo. Mookie Betts alikuwa amepata tuzo ya mlinzi bora wa upande wa kulia mara 6, lakini mwaka 2025 walimleta katikati, kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali pagumu mno, naye ana miaka 32. Tarehe 1 Novemba mwaka huo, mjini Toronto, fainali ilifika mchezo wa 7. Walikuwa karibu kushindwa, lakini Miguel Rojas, mtu asiyejulikana kwa nguvu, akapiga pigo la uzio katika zamu ya 9 wakasawazisha. Katika zamu ya 11 Will Smith akapiga jingine, ikawa 5 kwa 4. Toronto walikuwa na wakimbiaji wawili vituoni, mmoja akiwa kituo cha tatu. Mpira ukapigwa, ukabingirika kuelekea kwa Betts. Akaudaka, akakanyaga kituo cha pili, akautupa wa kwanza. Wawili wakatolewa kwa pigo moja, na mchezo ukaisha.