Gego la Miaka Sita Lisiharakishiwe Koleo



"Nesi, ling'oeni tu. Si la utotoni hilo? Litaota jingine." Hayo aliniambia mama mmoja aliyemleta mtoto wake wa miaka minane, macho yamevimba kwa kulia usiku kucha. Lakini jino lile halikuwa la utotoni. Lilikuwa gego la kwanza la kudumu, ambalo huota mtoto afikapo miaka sita hivi, nyuma ya meno yote ya utotoni. Kwa kuwa halimng'oi mwenzake ili kupata nafasi, wazazi wengi hawatambui kwamba limeota. Likitoka, halina mrithi.

Ndani ya kila jino mna kiini, yaani nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Ndicho kinachouma, na ndicho kinachojenga jino. Gego hili linapochomoza, mizizi yake haijakamilika; kiini huendelea kuijenga mpaka mtoto afikie miaka tisa au kumi. Kiini kikifa kabla ya hapo, mizizi hubaki mifupi na myembamba, na jino huweza kuvunjika kwa kutafuna mahindi ya kuchoma tu. Basi kukiokoa kiini, hata kipande chake, ni kuliokoa jino.

Uozo ukifika kwenye kiini, daktari wa meno huusafisha, hukata sehemu ya juu iliyoharibika, huzuia damu, kisha hufunika kiini kilichobaki kwa dawa na kuziba jino barabara ili mate yasipenye. Dawa ya siku nyingi ni haidroksidi ya kalisi. Katika miaka ya 1990, Mahmoud Torabinejad na wenzake wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, Marekani, walileta unga uitwao MTA, ambao hugandamana hata penye unyevu. Ni jamaa ya saruji ya kujengea nyumba! Nilipoelezwa mara ya kwanza nilidhani nataniwa.

Siku hizi wazazi huulizia pia leza. Leza ni mwanga wenye nguvu nyingi uliokusanywa katika mwale mwembamba. Ya kwanza iliwashwa na Mmarekani Theodore Maiman mwaka 1960, na haikuchukua muda ikajaribiwa kwenye meno. Taabu ilikuwa joto. Mwaka 1965 watafiti Zach na Cohen walionyesha, kwa meno ya nyani, kwamba kiini kikipashwa nyuzi 5.5 tu za Selsiasi kupita kawaida, baadhi ya meno hufa. Ndipo zikaja leza za erbiamu, ambazo mwanga wake hunyonywa na maji. Maji kidogo yaliyomo ndani ya jino hugeuka mvuke ghafla na kubandua uozo chembe kwa chembe, huku maji mengine yakinyunyizwa kupoza. Marekani iliruhusu leza ya namna hiyo kwa meno mwaka 1997. Haitetemeshi jino kama mashine ya kutobolea, na mtoto huiogopa kidogo. Leza za aina nyingine hukausha damu ya kiini na kuua vijidudu juu ya kidonda.

Hata hivyo, leza haiponyi. Kinachopona ni kiini chenyewe, chini ya kifuniko kisichovuja. Mashine hizo ni ghali, na hospitali nyingi za kwetu hazinazo. Mkono wenye uangalifu na dawa nzuri ya kufunika huokoa viini bila leza, mradi mgonjwa amefika mapema. Kwa hiyo msikae nyumbani mkingojea mashine.

Jino likiuma kwa maji baridi au sukari na maumivu yakaisha upesi, kwa kawaida kiini bado kizima. Njooni juma hilo hilo. Likiuma lenyewe usiku, njooni kesho yake. Ufizi ukitoa usaha, huenda kiini kimekwisha kufa, na tiba ni nyingine. Shavu likivimba, njooni siku hiyo hiyo. Mwombeeni mtoto kwa Mtakatifu Apolonia, msimamizi wa wenye kuumwa meno, anayekumbukwa tarehe 9 Februari, lakini mkiwa njiani kuja hospitali. Na msimwekee tumbaku wala mafuta ya taa kwenye tundu, huunguza ufizi.

Jioni hii mwambieni mtoto afunue kinywa. Hesabuni kutoka katikati kwenda nyuma, juu na chini, kila upande. Jino la sita ndilo hilo.